Krismasi Haingojei Maua

Neno zawadi tumelizoea kiasi cha kutoiulizia asili yake. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha na shina la Kiarabu lenye maana ya masurufu, yaani chakula anachofungashiwa msafiri kabla hajashika njia. Kwa maana hiyo ya awali, zawadi haikuwa saa ya mkononi wala fremu ya picha. Ilikuwa kitu cha kuliwa, tena kilichopaswa kustahimili safari bila kuoza. Wanawake wanaouza asali kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Marigat, katika chupa zilizokuwa na pombe kali zamani zake, wako karibu zaidi na maana hiyo kuliko wengi wetu tunaofundisha lugha.

Nimeanza na neno kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini ninalotaka kumweleza msomaji leo si la kamusi. Ni la ghala. Kwa miaka michache sasa imezuka katika mji wa Nakuru, uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, biashara ya makapu ya zawadi za vyakula teule. Ndani ya kapu moja mtu atakuta asali ya Baringo au ya msitu wa Mau, chai ya Kericho, makadamia, jamu ya plamu za Molo, na pengine unga wa maboga ya Lare. Wanunuzi ni wasafiri wanaopitia hapa kuelekea Eldoret, Kisumu na Busia, na hasa ni kampuni na taasisi zinazowaaga wafanyakazi wake mwisho wa mwaka. Wenyewe huliita kapu hilo hampa. Sina ugomvi na neno la kigeni lililokwisha kupata uraia, ila sioni kapu limekosa nini.

Anayeitazama biashara hii kwa mbali hudhani kwamba shida yake ni soko. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye aliacha kusubiri ajira ya ualimu akafungua duka la makapu haya, alinionyesha daftari zake. Nilitumia karibu siku nzima kuzisoma, na nilichokiona humo ni kwamba wanunuzi wapo. Shida ni kalenda. Zaidi ya nusu ya mauzo yake ya mwaka huingia katika wiki 5 za mwisho, na karibu kila kitu anachokiuza katika wiki hizo hakivunwi katika wiki hizo.

Neno msimu nalo lina hadithi yake. Ni la Kiarabu, mawsim, wakati maalumu wa jambo fulani, na ndilo lililopita vinywani mwa Wareno likawapa Waingereza jina la pepo za Bahari ya Hindi. Kwa watu wa pwani yetu msimu ulikuwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na mfanyabiashara aliyekawia kufunga shehena yake mpaka kusi ikampita alikaa Lamu au Mombasa miezi mingi akila mtaji wake. Hata hivyo nahodha yule alikuwa na upepo mmoja wa kuutazama kwa wakati mmoja. Mfanyabiashara wa Nakuru ana misimu mitatu isiyosikilizana. Kuna msimu wa mvua, unaoamua nyuki wapate nini na miti izae lini. Kuna msimu wa sikukuu: Krismasi haisogei, Idi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Halafu kuna msimu wa fedha, ambao Wakenya wameuundia neno zuri kuliko yote niliyoyasikia katika miaka ya karibuni: Njaanuari.

Tuanze na asali, maana ndiyo roho ya kapu. Baringo ni nchi kame yenye migunga, na mgunga huchanua kwa kufuata mvua. Mvua za masika zikichelewa, maua huchelewa, na asali huchelewa. Zikikosekana, nyuki huhama mizinga na hakuna asali ya kuchelewa. Katika msitu wa Mau mambo ni tofauti kidogo. Waogiek, ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa ushindi dhidi ya serikali ya Kenya tarehe 26 Mei 2017 kuhusu ardhi yao ya mababu, wamekuwa warina asali tangu kale, wakitundika mizinga ya mierezi katika kanda mbalimbali za msitu ili ua la kanda moja likikoma lile la kanda nyingine lipokee. Asali ya mti wanaouita silibwet ina sifa ya weupe wake, na haifanani hata kidogo na ile ya hudhurungi ya nchi ya chini. Niruhusiwe kusema kwamba huo ndio usimamizi wa akiba ya msimu ulio bora kuliko wote ninaoujua katika eneo hili. Waliogawa mizinga yao kwa kanda za msitu hawakuhitaji kuajiri mshauri wa biashara.

Sasa chukua asali ya Marigat, mahali penye joto jingi, uipande nayo hadi Nakuru, ulioko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, au hadi Molo ambako baridi ya usiku haina mzaha. Baada ya wiki kadhaa chupa iliyokuwa na kimiminika cha kung'aa imeganda, imekuwa kama samli yenye chembe. Hilo ni jambo la kimaumbile. Asali ni mmumunyo uliobeba sukari nyingi kupita kiasi ambacho maji yake yanaweza kuhimili, na nyuzijoto 14 au karibu na hapo ndizo zinazoifaa zaidi kuganda. Mnunuzi hayajui hayo. Yeye huona kilichoganda, akaapa kwamba ameuziwa sukari.

“Daktari, asali safi ndiyo inayonitia aibu,” mwanafunzi wangu aliniambia. “Ile ya kughushiwa inakaa majimaji mwaka mzima.”

Dawa ni rahisi: chupa huwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 40 mpaka asali iyeyuke, bila kuchemshwa. Lakini mwenye chupa 300 na siku 4 kabla ya kupeleka bidhaa hawezi kuyeyusha moja moja. Kwa hiyo asali ya Desemba inataka ihifadhiwe katika madumu makubwa yaliyofungwa barabara, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi sehemu 20 katika 100, kiwango ambacho kanuni za kimataifa za vyakula zimekiweka kuwa ukomo, huanza kuchacha. Kisha itiwe chupani katika wiki za mwisho tu. Na chupa ibebe lebo yenye sentensi mbili za Kiswahili sanifu: asali hii ikiganda haijaharibika, iweke katika maji ya uvuguvugu. Nimezikagua lebo za bidhaa za eneo letu kwa jicho la mtu wa lugha, na karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kusifu. Zinamwambia mnunuzi kwamba asali ni ya asili na ya kifalme. Hazimwambii la kufanya ikiganda.

Makadamia zina sheria yake. Katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikifunga uvunaji kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata, ili kuzuia wakulima wasichume kokwa changa. Uamuzi huo ni wa busara, lakini una maana kwamba anayezihitaji kwa Krismasi lazima awe amezinunua mapema, akazikausha na kuzifungia pasipopita hewa, kwa kuwa mafuta yake huchachuka. Chai haina haraka. Majani huchumwa mwaka mzima, hata yale ya zambarau ambayo watafiti wa Kericho waliyatoa kwa wakulima mwaka 2011, na yaliyokaushwa vyema hukaa. Ila chai ni mwizi wa harufu. Ikae rafu moja na mdalasini au sabuni kwa mwezi, na chai ya Kericho itakuwa na ladha ya duka.

Nisikawie hapo. Kuna hesabu moja ambayo naona inawaumiza wengi, na haihitaji shahada. Kapu ni bidhaa moja iliyotengenezwa kwa bidhaa nyingi. Tuseme mtu ameahidi makapu 200, kila moja lenye vitu 6. Amepata asali 200, chai 200, makadamia 200, unga wa boga 200, vijiko vya mbao 200, lakini jamu ya plamu amepata chupa 140. Ana makapu mangapi? Ana 140, na juu yake ana vitu 300 vilivyolala ghalani vikiwa vimekwisha kulipiwa: 60 vya kila aina katika zile aina 5. Upungufu wa chupa 60 za jamu umefunga mtaji wa vitu mara 5 ya idadi yake. Mwenye duka hulalamika kwamba amebaki na mali nyingi, na hali amekosa mali moja.

Kutokana na hesabu hiyo yanazaliwa mazoea mawili ambayo mwanafunzi wangu ameyashika. La kwanza, humwambia mnunuzi tangu mwanzo kwamba nafasi moja ya kapu itajazwa kwa kitakachopatikana, jamu ya plamu au ya stroberi, naye huandika hivyo katika oda. La pili, hafungi makapu mapema. Vitu hukaa rafuni mwake kila kimoja kivyake mpaka wiki ya mwisho. Kapu likishafungwa limekwisha kuamua hatima ya vitu 6 kwa pamoja, na tarehe ya mwisho ya kapu zima huwa ile ya kitu kinachokufa mapema kuliko vingine. Jibini au keki moja ndani yake hulifanya kapu la miezi 12 kuwa kapu la wiki 2.

Ama kuhusu mapambo, nasema kama mtu asiye na jicho la urembo: msimu ukae kwenye utepe, usikae kwenye chupa. Chupa iliyochapishwa “Krismasi Njema” hupoteza nusu ya bei yake usiku wa tarehe 25 Desemba, hali kilichomo ndani ni kilekile. Chupa yenye lebo ya kawaida, iliyovikwa utepe mwekundu, huvuliwa utepe huo ikauzwa Januari kwa heshima yake yote, na Idi ikikaribia huvishwa mwingine. Hata chombo chenyewe kimebadilika. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wengi wamerudia kiondo cha mkonge, nacho humfaa mpokeaji baada ya asali kwisha. Kiondo hakiozi. Ndicho kitu cha pekee katika biashara hii ambacho mtu anaweza kukinunua Februari pasipo wasiwasi, kama fedha ipo.

Lakini fedha ndiyo haipo, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kitambo.

Nakuru ni mahali pa kuyazungumzia haya. Nakumatt, ambayo kwa muda ilikuwa jina kubwa kuliko yote katika biashara ya rejareja Afrika Mashariki, ilianzia hapa kama duka la magodoro, na jina lake ni kifupisho cha hilo. Tuskys ilichipuka Rongai, hapo jirani. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka 2 baadaye wadai wake wakapiga kura ya kuivunja. Tuskys nayo ilianguka katika miaka iliyofuata. Katika maanguko yote hayo waliopigwa sana hawakuwa benki, ambazo zilikuwa na dhamana. Walikuwa wagavi: watu waliopeleka maziwa, mayai, mboga na mikate, wakaambiwa watalipwa baada ya siku 60, kisha 90, kisha wasiambiwe kitu.

Bunge lilijaribu kuziba ufa huo. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yalitaja kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kurudisha bidhaa bila sababu ya haki, na kumtwisha mgavi hasara ya kibiashara inayostahili kubebwa na mnunuzi. Maneno hayo ni mazuri, na nimeyasoma mara kadhaa. Hata hivyo yaliandikwa na mtu aliyekuwa akilifikiria duka kubwa. Katika biashara ya makapu nguvu hiyo imeshuka ngazi hadi chini kabisa. Taasisi humchelewesha mwenye duka. Mwenye duka, naye akijiita mnyonge, hukichelewesha kikundi cha kina mama wa Lare au warina asali wa Mariashoni. Mbaya zaidi ni ule mtindo wa mali ya amana. Mzalishaji hupeleka chupa 50 Novemba, nazo hupokelewa kwa tabasamu, na Januari hurudishiwa 22, baadhi zimepauka lebo kwa kukaa dirishani juani. Hakuna aliyemwibia. Amelipia ghala la mtu mwingine, hasara ya mtu mwingine, na Krismasi ya mtu mwingine.

Nimeyataja makundi haya kwa kuwa yana kitu ambacho dunia imekwisha kukitambua. Shirika la Slow Food, lililozaliwa Italia, limeyaweka maboga ya Lare, kiwavi kikavu cha Mau na asali ya Waogiek miongoni mwa vyakula inavyovilinda duniani. Kiwavi hicho Wakikuyu hukiita thabai. Mmea huwasha ukiwa mbichi na hunyamaza ukikaushwa, na nitakiri kwamba kamusi zetu hazina jina linalokubaliwa na wote, kwa kuwa Kiswahili kilizaliwa mahali usipoota. Boga la Lare lilikaushwa na kusagwa unga kwa sababu hiyohiyo tunayoizungumzia: lizae wakati mmoja, liliwe wakati mwingine. Wanaolikausha wamekwisha kufanya nusu ngumu ya kazi ya ghala. Kuwaachia pia hasara ya soko ni kuwadhulumu.

Ninachopendekeza si kipya. Mwenye duka na alipe sehemu ya bei wakati wa kutoa oda, hata ikiwa thuluthi, na iliyobaki siku ya kupokea. Kisichouzika na kiwe chake. Akilazimika kubeba hasara yake mwenyewe ataagiza kwa akili, kwa kuangalia daftari za miaka iliyopita badala ya kuagiza kwa matumaini. Nalo daftari liandikwe kwa wiki, si kwa mwezi, maana Desemba ni miezi miwili tofauti: siku 20 za mwanzo na siku zilizobaki. Hali kadhalika, atafute sikukuu nyingine. Nakuru ina Waislamu na Wahindu wa kutosha, ina mahafali ya Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, ina harusi na ruracio kila Jumamosi. Kapu lisilo na Baba Krismasi juu yake linaingia katika shughuli zote hizo.

Taasisi nazo zina lao. Afisa wa ununuzi anayetoa oda ya makapu 200 tarehe 9 Desemba anadhani anaagiza kitu kilichopo. Angetoa oda hiyo Agosti, pamoja na malipo ya awali, asali ingepatikana kwa bei ya chini, makadamia zingenunuliwa kabla uvunaji haujafungwa, na wafanyakazi wake wasingepewa kapu lililojazwa biskuti kufidia pengo. Bajeti ya zawadi haizuki Desemba. Imo katika vitabu tangu mwaka wa fedha ulipoanza.

Kuna plamu, lakini, ambazo hata oda ya Agosti haizisaidii. Katika nyanda za juu za Molo na Kinangop huiva kuanzia mwisho wa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Jamu ya Krismasi ijayo, kwa hiyo, hupikwa wakati wa Njaanuari, tunda linapokuwa tele na rahisi, na mwenye duka anapokuwa hana kitu, kwa kuwa fedha zake ziko katika makapu yasiyouzwa na katika ankara ya taasisi fulani isiyolipwa. Zile chupa 60 za mfano wangu hazikukosekana Desemba. Zilikosekana miezi 11 kabla yake.

Mwanafunzi wangu alikwenda Molo katikati ya Januari akapata kreti ya plamu kwa bei ambayo hakuwahi kuiona. Alitaka kreti 30. Alinunua 9, zilizotoshea fedha za mkononi, akarudi kwa matatu. Hundi ya makapu aliyoyapeleka tarehe 18 Desemba ilitoka wiki ya pili ya Machi, wakati miti ilikuwa imebaki majani.